Mashine ya zege imegoma kuwaka: pa kuanzia kabla hujafungua hedi

Huku Dodoma siku hizi kila ukigeuka kuna saiti, Mtumba, Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, Msalato, na kila saiti ina mikisa ya zege, pampu ya maji, vaibreta, mashine ya kushindilia udongo, na nyingi kati ya hizo zinaendeshwa na kiinjini cha dizeli cha silinda moja. Kikiwaka hakuna anayekikumbuka, ila kikigoma katikati ya kumwaga slabu ndo utaona, zege limeshachanganywa linaanza kushika, vibarua wamesimama na hela yao ya siku iko palepale, bosi anapiga simu kila dakika. Hapo anaitwa fundi yeyote aliye karibu, anafika na spana mkononi, na kitu cha kwanza anafungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Hiyo ndo tabia nataka tuiache kabisa jamani, mana kwa vumbi letu la huku na hii dizeli tunayobeba kwenye vidumu, matatizo mengi yako nje ya injini, kwenye tanki, filta, mpira wa dizeli, eya klina (chujio la hewa), na hayo unaweza kuyamaliza mwenyewe palepale bila kugusa hedi.

Kwanza ujue una injini gani. Hizi ndogo za kuvuta kamba zinazopoozwa na upepo nyingi ni za Kichina zilizofuata muundo wa Yanmar ya Japani, zimeandikwa 170F, 178F, 186F. Hiyo 1 ya mwanzo ni silinda moja, 78 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni ya kupoozwa kwa upepo. Kubwa kidogo ni zile za kulala, za kupiga hendeli, zenye tangi la maji juu kama S195, hizo utazikuta kwenye mikisa kubwa na ndo zilezile za mashine za kusaga unga vijijini, Bahi huko, Kongwa, Mpwapwa. Kwahiyo kama umekwama na injini ya hivi usimtafute fundi wa magari, mtafute fundi wa mashine za kusaga, yule anaishi nazo kila siku.

Injini ya dizeli haina plagi wala koili. Inataka vitu vitatu basi: dizeli safi inayopulizwa na nozeli kwa wakati wake, hewa ya kutosha, na kompresheni ya kuibana hiyo hewa mpaka ipate moto wa kuwasha dizeli. Kimojawapo kikikosekana haiwaki. Kazi yako ni kujua kipi kimekosekana, na kuna njia rahisi sana ya kujua ambayo watu wengi wanairuka: angalia sailensa wakati mwenzako anavuta kamba.

Ukivuta mara kadhaa na hakuna moshi kabisa, hata kidogo, maana yake dizeli haifiki ndani. Ukivuta na unatoka moshi mweupe unaonuka dizeli lakini haishiki, maana yake dizeli inafika ila haiungui, hapo shida ni kompresheni, au maji kwenye dizeli, au baridi, au kama kuna mtu alichezea pampu ya dizeli basi taimingi, yaani wakati wa kupuliza dizeli. Hilo tu limeshakupunguzia nusu ya kazi. Mtu anayefungua nozeli kabla ya kuangalia sailensa anabahatisha.

Tuanze na hali ya hakuna moshi, ndo inayotokea zaidi.

Kabla ya yote angalia vitu vya kijinga, vinasumbua kweli. Koki ya tanki iko wazi? Lile lever la risi (la kuongeza na kupunguza mwendo wa injini) liko upande wa kuwaka au limebaki kwenye kuzima? Kwenye mashine ya kushindilia waya wa risi unakatika sana kwa mtikisiko, unavuta lever kule kwenye mpini unaona limekwenda ila huku kwenye pampu hakijasogea kitu, kwahiyo usiangalie mpini, angalia kile kimkono kidogo pembeni ya pampu kama kinasogea. Af dizeli ipo? Usiulize, fungua mfuniko uone kwa macho.

Ukiwa hapo kwenye mfuniko angalia na kitundu chake cha kupumulia. Vumbi la saruji likichanganyika na dizeli linakuwa kama gundi, linaziba kile kitundu, basi injini inawaka vizuri, inafanya kazi kidogo, inaanza kupungua nguvu, inazima. Ukikaa nusu saa inawaka tena. Watu wanasema imechemka, kumbe tanki limekosa hewa na dizeli haiwezi kushuka. Legeza mfuniko, ukisikia "fyuu" ya kuvuta hewa umeshapata jibu, safisha kitundu kwa waya mwembamba.

Sasa dizeli yenyewe. Chukua chupa ya maji ya plastiki iliyo safi na kavu, toa dizeli kidogo kutoka chini ya tanki, sio juu, iache imetulia pembeni kwenye kivuli. Maji ni mazito kuliko dizeli kwahiyo yatakaa chini, utaona mstari kabisa, na uchafu mweusi au mchanga utaona pia. Ukiona maji mwaga tanki lote, usichuje ukarudisha. Maji yanaingia vipi? Kidumu kilichooshwa hakikukauka, tanki lililoachwa nusu usiku kucha likatoka jasho ndani, mvua za Desemba na Januari mashine imelala nje bila turubai. Jioni ukimaliza kazi jaza tanki, tanki likijaa halina nafasi ya kutoa jasho. Na dizeli nunua kituoni, ya kidumu ya barabarani hujui imechanganywa na nini, pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, ukiipa mchanganyiko wa mafuta ya taa unaikausha taratibu mpaka inakufa.

Filta kwenye 178F na 186F nyingi iko ndani ya tanki, chini, wengi hawajui kama ipo. Unamwaga dizeli, unafungua nati zake kwa chini ya tanki, unaitoa kwa juu kupitia mdomo wa kujazia. Ikiwa nyeusi na ina utelezi weka mpya, bei yake sio ya kukufanya uhangaike kuiosha. Ile chekeche ya mdomoni pia isitolewe, nimeona saiti nyingi wameitoa ili dizeli iingie haraka, mchanga nao unaingia haraka.

Ukishafanya hayo, chomoa mpira wa dizeli pale unapoingia kwenye pampu, uelekeze kwenye kopo, fungua koki. Dizeli inatakiwa ishuke mfululizo, sio matone. Kama inadondoka tone tone kuna kizuizi kati ya tanki na hapo.

Kutoa upepo

Hapa nitakaa kidogo mana ndo panawashinda wengi na ndo dawa ya injini nyingi zilizoishiwa dizeli katikati ya kazi. Ikiishiwa dizeli hewa inaingia kwenye mabomba, na pampu haiwezi kusukuma hewa mpaka nozeli ifunguke, inaibana tu hewa inajikunja na kujikunjua humo ndani, utavuta kamba mpaka mkono ufe.

Safisha kwanza pembeni ya pampu na nozeli kwa kitambaa na dizeli, usifungue nati yoyote penye mchanga. Rudishia mpira wa dizeli, fungua koki, legeza nati pale dizeli inapoingilia kwenye pampu. Itatoka povu, vipovu, af itakuja dizeli tupu. Usiharakishe, subiri vipovu viishe kabisa, kisha kaza huku dizeli bado inatoka. Kwenye hizi ndogo tanki liko juu kwahiyo inashuka yenyewe, huhitaji kupampu.

Hatua ya pili, lile bomba jembamba la chuma linalotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli. Legeza nati ya upande wa nozeli mzunguko mmoja tu, usiichomoe. Weka risi kwenye kuwaka, bonyeza kile kijilever cha kuachia kompresheni juu ya hedi, vuta kamba taratibu mara kadhaa. Mwanzo itatoka mate mate yenye povu, baadae itaanza kuruka dizeli kila injini ikizunguka. Hapo kaza nati. Sasa tega sikio karibu na hedi, zungusha tena taratibu, utasikia nozeli inalia "krek... krek...". Mlio huo ukiusikia dizeli imeshaingia ndani, na ukivuta sasa kwa nguvu mara nyingi inawaka hapohapo. Kama nati imekazwa, dizeli inafika, na mlio husikii kabisa, nozeli imekwama au pampu imechoka.

Na hili nalisema kwa uzito wote: usiweke kidole wala kiganja mbele ya nozeli kuona kama inapuliza. Nozeli hizi zinafunguka kwenye presha ya karibu bar 200, dizeli inatoboa ngozi na kuingia mwilini, kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano lakini mkono unaweza kukatwa. Ikitokea mtu kapigwa nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama haumi, na waambie ni dizeli ya presha imeingia mwilini.

Moshi mweupe upo ila haishiki

Hapa pima kompresheni, huhitaji kifaa. Usibonyeze kijilever, vuta kamba pole pole. Inatakiwa ifike mahali igome kabisa, ukiilazimisha inakurudisha nyuma. Kama inapita laini kama haina kitu, kompresheni inavuja. Wapi? Paka maji ya sabuni kuzunguka nozeli na kwenye maungio ya hedi, mwenzako azungushe, povu likitokea umepaona. Ile washa (pete) ya shaba ya nozeli inavuja sana kwa watu wanaofungua nozeli na kurudishia washa ileile.

Kama nje hakuvuji fungua kava ya roka (vile vimkono vinavyosukuma valvu), pale ni bolti chache tu. Angalia valvu zote mbili zinapanda na kushuka, hakuna iliyokwama, na ile fimbo ya kusukuma roka haijapinda. Pima nafasi kati ya roka na valvu kwa fila (vibati vyembamba vya kupimia) injini ikiwa baridi, pistoni iko juu na valvu zote zimefunga, hizi za upepo zinataka milimita 0.10 mpaka 0.15. Zile za maji zina vipimo vyake tofauti, soma kitabu chake. Valvu isiyokuwa na nafasi haifungi, na kompresheni yote inapita hapo.

Valvu ziko sawa? Tia matone machache ya oili kwenye njia ya hewa, matone tu, zungusha taratibu kijilever kikiwa kimebonyezwa, halafu pima tena. Kompresheni ikirudi ni ringi za pistoni na silinda zimeliwa. Isiporudi ni valvu au gasketi ya hedi. Sasa ndo una sababu ya kufungua hedi, na unajua unaenda kutafuta nini.

Asubuhi za Juni na Julai huku kuna kibaridi, injini iliyochoka kidogo inagoma. Kwenye kava ya roka za aina hii kuna kitundu chenye kizibo cha mpira, tia oili kidogo sana pale kabla ya kuvuta, inasaidia kubana. Kisha vuta vizuri: vuta taratibu mpaka igome, rudisha kamba, bonyeza kijilever, vuta kwa mikono miwili kwa nguvu mpaka mwisho. Watu wanavuta vipande vifupi vifupi wanachoka bure. Petroli au dawa ya kupulizia kwenye eya klina sikubali hata kidogo, inalipuka kabla ya wakati, inavunja ringi na kamba inarudi na bega lako. Kwa wale wa hendeli, shika hendeli dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, usilizungushe, ikipiga nyuma itoke mkononi bila kuvunja kidole.

Inawaka lakini haina nguvu

Mikisa inazunguka tupu vizuri, ukiweka kokoto inalala, moshi mweusi. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo au mzigo mkubwa. Tenganisha kwanza: toa mkanda, washa injini peke yake, pandisha risi. Ikipanda safi bila moshi, injini haina kosa, angalia mzigo. Mkanda umekazwa kupita kiasi, beringi za drami zimekufa, drami ina zege kavu limeganda ndani kwa sababu halioshwi jioni, au wanatupia kokoto zote kabla ya maji. Usiwashe mikisa yenye zege ndani pia.

Ikitoa moshi mweusi hata bila mkanda nenda eya klina. Huku kwetu kuanzia Mei mpaka Novemba ni vumbi na upepo, filta ya karatasi inaziba haraka mno. Ikung'ute, ipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, ikiwa nyeusi tupa. Ila kitu ninachotaka ufanye leo ni hiki, toa filta, ingiza kidole kilicho safi kwenye njia ya hewa baada ya filta, pangusa ukuta wake, toa uangalie. Kidole kikitoka na vumbi laini la udongo mwekundu, injini yako inakula mchanga, kuna mahali filta haikai vizuri au mpira wake umepasuka. Ringi mpya hazitadumu kama hujaziba hapo. Na wale wanaotoa filta kabisa eti ipate hewa, hiyo injini wameshaizika.

Jambo lingine ambalo watu waliotoa mashine Dar wanalilalamikia: "ilikuwa na nguvu, imefika Dodoma imelegea". Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani) inapoteza karibu asilimia 1 kwa kila mita 100, kwahiyo karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu haipo. Ni kawaida. Punguza mzigo kidogo, usimruhusu mtu akafungue ile skrubu yenye sili ya kuongeza dizeli, hewa ileile ukiongeza dizeli unapata moshi na joto, sio nguvu. Vilevile zile shimu (vibati) nyembamba chini ya pampu, hizo ndo taimingi, ukitoa pampu hesabu na urudishe zilezile.

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Angalia kijiti mashine ikiwa sehemu tambarare, mara nyingi mtu kajaza kupita kiasi. 178F inachukua kama lita 1.1, 186F kama lita 1.65. Kama oili iko sawa basi ni ringi au mashine ililala ubavu. Mashine ya kushindilia ikianguka ubavu usiivute kwa nguvu, oili inaweza kuwa imejaa juu ya pistoni na oili haibanwi, utapinda koni rodi, ule mkono wa pistoni. Isimamishe, iache itulie, bonyeza kijilever, zungusha pole pole mara nyingi ndo uwashe.

Na oili ikiingia nyingi kwenye silinda injini inaweza kukimbia yenyewe, inapanda risi haishuki, ukifunga dizeli haizimi kwa sababu inaunguza oili yake. Ondoa watu pembeni, ziba mdomo wa hewa kwa kipande cha mbao bapa, usitumie kiganja. Ikishindikana kaa mbali, mashine inanunuliwa.

Joto: mapezi ya hedi yakijaa vumbi la saruji lililoshika oili hayapoozi, yasugue kwa brashi injini ikiwa baridi, usimwagie maji hedi ya moto inapasuka. Za tangi la maji zina kile kiboya chekundu, kikishuka ongeza maji. Na ukizima, zima kwa lever la risi baada ya kuipumzisha dakika chache bila mzigo, usizime kwa kijilever cha kompresheni, unaumiza valvu.

Oili badili kila saa 100 za kazi, mpya kabisa badili mapema zaidi, kwenye saa 20 hivi, 15W-40 inafaa huku. Kwenye vumbi mimi napunguza nusu. Pale ubavuni kuna chekeche ya oili imeshikwa na bolti, itoe uioshe kila ukibadili, wengi wanamwaga oili miaka na hawajawahi kuiona.

Kama umefuata yote na bado ni nozeli au pampu, usiifungue saitini. Itoe, ziba midomo ya mabomba kwa nailoni safi, peleka kwa fundi mwenye mashine ya kupimia presha ya nozeli, na mwambie ulichokiona: moshi upo au haupo, mlio upo au haupo, ilizima ghafla au polepole. Saitini weka kwenye boksi filta moja ya dizeli, filta moja ya hewa, washa za shaba za nozeli, mita moja ya mpira wa dizeli na klipu zake, kamba ya kuvutia ya akiba, na lita moja ya oili iliyofungwa.